Chepe Hakui

Sheria ya runinga ni kwamba mtoto wa vichekesho hakui. Nassoro ana miaka hamsini na mvi, lakini Chepe, mhusika ambaye Nassoro alimwigiza utotoni, bado ana sura ileile na pengo lilelile, na kila jioni huzungumza na watazamaji majumbani.

"Shikamoo, mama," Chepe akasema kutoka runingani.

"Marahaba, mwanangu! Umekula?" akauliza Bi Mwanaidi, mama yake Nassoro, akitabasamu.

Nassoro alikuwa akimkanda miguu. "Mama, yule ni mimi."

Mama akazitazama zile mvi, akajifunika miguu kwa khanga kwa haya.

"Shikamoo, baba," akamwambia Nassoro.

Runingani watu wakaangua kicheko. Mama alikuwa anasubiri.

"Marahaba," Nassoro akaitikia polepole.