Paa la Landrova

Landrova ile kuukuu iliwahi kuwa gari la zahanati, na Mshamu alikuwa ameinunua jana tu. Leo aliileta gereji Kibiti ikatwe paa, apite sokoni amesimama, watu wamwone.

Mama yake alifika wakati fundi akiwasha mashine ya kukatia. Aliingia nyuma, akashika chuma cha ubavuni, kilicholainishwa na viganja vya wanawake wenye uchungu.

"Nilikishika hiki nikikuzaa, njiani pale Nyamwage. Mvua ilikuwa inapiga juu ya bati hili."

"Mama, hayo ya kale. Shuka."

Alimtazama mwanawe kama anayetazama dagaa waliooza.

"Kumbe bati hili lilimkinga huyu!" alimwambia fundi, akafunga mlango akiwa ndani. "Haya, kata."