Kisu cha Kuhasi

Askari walimlaza chini farasi dume wetu wa mwisho mwenye madoa, wakamfunga miguu kwa kamba. Babu alisimama na kisu chake cha kuhasi, hakusogea.

"Mzee, mhasi dume huyu," alisema mkalimani wa askari. "Wanataka majike wenu wapandwe na madume yao ya mikokoteni."

Askari mmoja akacheka. "Si mnasema nyinyi watu wa kabila la Wanimiipuu ndio mafundi wa farasi? Au babu anaogopa damu?"

Fundi alikuwa. Kila mwaka theluji ikiyeyuka alihasi madume dhaifu, akawaacha walio bora wazae. Ndivyo tulivyowapata farasi hawa.

Nilimshika farasi kichwa. Weupe wa jicho lake ulionekana wote, kama jicho la mtu. Kwato zake zenye michirizi zilikwaruza udongo.

"Tamsas," Babu aliniita, akaninyooshea kisu. "Fanya wewe, mjukuu wangu. Mkono wangu haujui kuhasi aliye bora."

"Eti msichana!" Askari wakaangua kicheko.

Nilikipokea kisu, nikaenda kupiga magoti penye miguu iliyofungwa. Kisu kilikuwa karibu zaidi na kamba kuliko na farasi, nami nikakielekeza kwenye kamba.