Neno Baada ya Nukta

"Nani hapa anauza udaktari?"

Mama mmoja aliuliza hata kabla hajaufunga mlango. Alikuwa dobi wa hospitali, vidole vimechubuka kwa sabuni, na jasho la safari ya miguu lilikuwa bado linamtiririka shingoni.

Mwenye ofisi, ambaye wateja walimzoea kwa jina la Nukta, alikuwa anamchagulia mwokaji keki jina la tovuti. Siku hizi, alikuwa akimweleza, si lazima jina liishie kwa herufi zilezile za zamani. Baada ya nukta unaweka kazi yako: keki, maua, viatu, mabomba. Mteja akisoma tu, anajua amefika.

"Karibu ukae, mama," alisema Nukta.

"Sikuja kukaa."

Alitandaza karatasi juu ya kibodi. Ilikuwa picha ya ukurasa wa tovuti: mwanamume mwenye koti jeupe, anatabasamu, na juu yake jina lake kamili, nukta, daktari.

"Hili umeuza wewe?"

Nukta aliinama kutazama. Wanunuzi walikuwa wengi, sura hakuikumbuka. "Limetoka hapa, ndiyo. Mwaka jana."

"Ulimwomba cheti?"

"Mama, hili tuliloliuza sisi halina habari za cheti. Ni jina tu. Anayetaka keki anapewa keki, anayetaka..."

Kiganja cha mama kilitua mezani kwa kishindo, kalamu zikatawanyika. "Jina tu! Fundi redio, anachoma watu sindano kwenye chumba cha kupanga! Mwanamke ana watoto watatu, amekatwa mguu! Jina tu?"

Mwokaji alijishika mdomo. "Na kwako wewe, mama, kaguswa nani?"

"Mwanangu." Sauti ilimkatika, akaivuta tena kwa nguvu. "Sina mwingine. Hali, halali. Leo wameniruhusu kumwona dakika kumi tu, na dakika zote kumi alikuwa anatazama ukuta. Aliliamini hilo neno lenu. Na mimi mjinga nikaliamini, nikawa nawaonyesha majirani!"

Mwokaji alimgeukia Nukta, macho yamemwiva. "Yaani na mimi ungeniuzia hivihivi, bila kujua kama naweza hata kuwasha oveni?"

"Dada, keki haiui mtu."

"Huna hata haya! Futa jina langu. Lifute nikiona."

Nukta alilifuta. Kisha, bila kuambiwa, akaifunga na tovuti ya yule daktari. "Haya, mama, imezimika. Unataka nini zaidi?"

"Barua. Uandike kwa mkono wako kwamba ulimuuzia bila kumuuliza chochote. Kesi ni Jumatatu."

Barua ya namna hiyo ingeweza kumfungia Nukta ofisi, na ana familia. Alitaka kusema atamwuliza wakili kwanza. Lakini mwokaji alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, wala hakuonyesha dalili ya kuondoka.

"Huwezi?" aliuliza mama. "Kuuza uliweza."

Nukta akavuta karatasi safi, akaandika. Sikuomba cheti. Sikuuliza alisoma wapi. Sikuuliza lolote. Kila mstari ulimwia mzito kuliko uliotangulia, na alipofika katikati ya ukurasa alikuwa haoni vizuri kwa machozi. Na yeye alikuwa na mtoto.

"Naomba jina la mwanao," alisema kwa upole. "Nimtaje humu, wajue ni mgonjwa gani. Na Mungu amponye haraka."

"Nani kakwambia anaumwa?" mama alifoka. "Yuko rumande. Ndiye uliyemuuzia."