Safu ya Pili

Mwezi uliopita, Nesi Zamaradi alijipa tano kati ya tano katika fomu ya kujipima, kwenye kipengele cha kusafisha mrija wa kupumulia wa mgonjwa mahututi. Metroni Kibibi, aliyewafundisha wote wodini, akaandika mbili katika safu ya pili, ya mpimaji: "Una haraka. Mtazame kifua."

Leo Zamaradi alimsafishia mrija mzee wa kitanda cha tatu bila kubandua macho kifuani pake, na mashine haikupiga kelele hata mara moja. Akajipa tatu.

"Umejipunja, mwanangu," metroni alisema.

Kisha akamkabidhi fomu yake mwenyewe, safu ya pili ikiwa tupu, akavaa glavu na kuinamia kitanda cha nne.

"Haya, nipime."

Mabega yakamnyooka Zamaradi. Akashika kalamu, akasogea, akamtazama mgonjwa kifua.