Vitabu vya Mzee Emil

Kidole cha Orrin Haskett, mwuza vitabu vya kale, kilitambaa kwenye jalada la nyuma la kitabu, kikashuka hadi pembe ya chini, kikasimama. Kibonyeo. Kishimo kidogo kama punje ya mtama, kilichogandamizwa kwenye jalada, bila rangi wala maandishi.

"Na hiki cha klabu," akasema, akakitupia juu ya vile vingine.

Garth Vogt aliruka kitini. "Acha utani, kaka! Fungua ndani. Si kimeandikwa toleo la kwanza?"

"Kimeandikwa. Klabu za vitabu zilichapa kwa mitambo ile ile, karatasi ile ile, hata maneno hayo hazikuyafuta. Zikawatumia wanachama kwa posta, maelfu kwa maelfu. Ukitaka kuvijua, papasa nyuma. Halafu tazama bei kwenye koti la karatasi lililovikwa jalada; vya klabu havina. Haya, nionyeshe bei."

Garth akatazama. Pembe ya koti ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Makoti yote yalikuwa yamekatwa.

Kwenye kochi, Mama Lorene, mamake Garth na mjane wa mwenye vitabu, alikuwa akifuma soksi. "Una hakika, Bwana Haskett?" akauliza. "Hakuna atakayevinunua?"

"Labda kwa bei ya kuwashia moto, mama."

Mama akainamia soksi yake. Orrin alimwonea huruma. Garth alikuwa amemweleza kila kitu kwenye simu: vitabu viuzwe, mama alipiwe chumba kwenye makao ya wazee kule Dayton, halafu nyumba nayo ipigwe bei. "Mama hana neno," alisema. Na kweli, tangu Orrin aingie, mama hakuwa na neno zaidi ya kumkaribisha kahawa.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkereketa Orrin. Alimfahamu marehemu Emil. Mzee yule alikuwa akikinusa kitabu kabla ya kukilipia. Mtu kama huyo kuuziwa rafu nzima ya vitabu vya klabu? Thubutu! Hila hii ilikuwa kongwe kuliko Orrin mwenyewe: mtu huchomoa vya kweli, akaviuza kimyakimya, akapachika vya klabu mahali pake.

Na mwenye ufunguo wa nyumba alikuwa nani?

"Gari lile jipya nje ni lako?" akauliza.

"La mkopo. Kwani?"

"Nauliza tu. Hivi vitabu ulivigusa lini mara ya mwisho?"

"Mimi? Baba alitukataza hata kupumua karibu navyo!"

"Naona."

"Unaona nini, bwana wewe? Sema!"

"Naona vitabu vya klabu."

Garth alimkazia macho, akachomoa simu, akatoka barazani akiubamiza mlango. Sauti yake ilipenya kwenye kioo. "Ndiyo, Vogt. Hicho chumba mpeni mtu mwingine. Hatutaweza kulipa... Hapana, si mwezi ujao. Futeni jina la mama kabisa."

Anajua kuigiza, Orrin akawaza. Akasogea hadi kwenye kochi, akainama.

"Mama, nisamehe kwa nitakalosema. Mzee Emil hakununua vitabu hivi. Kuna mtu amechukua vya kweli akakuachia takataka. Sitaki kumtaja, lakini huyo aliye nje mchunge. Ukitaka, nitakwenda nawe polisi."

Mama Lorene aliacha kufuma. Akatazama mlango kwanza, kisha akamtazama Orrin.

"Usimsingizie mwanangu," akanong'ona. "Vitabu ni vile vile vya Emil. Pembe nilizikata kwa jioni moja tu. Hivyo vibonyeo ndivyo vilivyonichosha mkono."