Jicho la Kushoto

Sitara alikuwa na siku hamsini ndani, akikaa eda ya mumewe. Juu ya sinia alikuwa akipanga picha ya vipande, bibi wa kifalme wa Ulaya ya kale, lulu shingoni. Marehemu aliitoa kwenye robota la mitumba, dukani kwake Kariakoo.

"Vipo vyote mia tano," alimwapia.

Jicho la kushoto halikuwepo. Pale palikuwa na tundu tu, na bati la sinia liking'aa.

Hodi ikabishwa. Aliingia mama mtu mzima kutoka Kigamboni, asiyemfahamu, kamshika mkono binti wa miaka minne hivi.

"Pole na msiba, mwanangu."

"Nishapoa, mama. Karibu."

Mtoto aliiona picha. Akachomoa mfukoni kipande kilichotafunwatafunwa pembe, akakibonyeza kwenye tundu. Kikaingia barabara.

"Nani kakupa, mama?" Sitara alimuuliza mtoto.

"Baba."

Sitara alimgeukia mgeni. "Mama yake mbona hajaja?"

Yule mama alitazama mkeka.

"Hawezi kutoka. Naye ana siku hamsini ndani."