Bati la Shukrani la Mama Eduviges

"Ongeza nzi," mama mmoja mwenye shali nyeusi alisema.

Hermilo aliweka brashi chini. Alikwisha kuchora nzi wa kujaza bucha zima, weusi, wanene, wametapakaa kwenye mguu wa mgonjwa kama maharagwe yaliyomwagika.

"Mama, bati hili litatundikwa kanisani."

"Mtoto Mtakatifu aliwaona wote. Ukimpunguzia atajua."

Karakana ya Hermilo ilikuwa chumba kimoja kwenye kichochoro cha mji wa Plateros kinachopanda kanisani. Nyuma alichora, mbele aliuza. Zamani watu waliopona walikuja kumsimulia muujiza wao, naye akauchora juu ya kipande cha bati, wakampelekee Mtoto Mtakatifu, sanamu ya Yesu mchanga iliyomo kanisani humo. Siku hizi walikuja watalii, nao walitaka vichekesho: mgoni anayeshukuru kwa kuwahi dirisha kabla mwenye mke hajaingia, mlevi aliyerudishwa kwake na punda. Vilijaa ukutani, na Hermilo alivitazama kama mtu anavyotazama matapishi yake mwenyewe.

Ndiyo maana alipoingia mama huyu mwenye shali nyeusi, Eduviges jina lake, akasema ana shukrani ya kweli, Hermilo nusura ambusu mikono.

Kisha mama akaanza kusimulia.

Mkwe wake, Nabor, mume wa bintiye, alishikwa na kisukari. Kidonda cha kidole kikapanda hadi gotini. Nyama ikalainika, ikawa inabanduka na kitambaa. Ndugu zake wa tumbo moja walishindwa na harufu, wakamhama. Eduviges akamchukua, akamlaza nyumbani kwake, kwenye kitanda cha bintiye.

"Na huyo binti?"

"Ametangulia mbele ya haki."

Hermilo akapiga ishara ya msalaba, akaendelea kuchora.

"Mabuu yawe meupe, si ya manjano," Eduviges alisema. "Nilikuwa nayatoa kwa kijiti. Na mgongo usiusahau. Mgongo nao ulifumuka. Ukimgeuza, unaona mfupa."

Hermilo alichanganya kijani na manjano, akatia kahawia kidogo. Rangi ya usaha ilipokubali, koo likamjaa maji machungu. Hata tapentaini ya kuchanganyia rangi, aliyoizoea tangu ujana, sasa ilinuka mguu uliooza. Akakimbilia mlangoni, akatema mtaroni.

"Don Hermilo!" Chole, muuza vitafunwa wa ng'ambo ya kichochoro, alimpigia kelele. "Leo huji kula? Au una mimba?"

"Usinitajie nyama, Chole, nakuomba."

"Basi ni mimba. Hongera!"

Hakucheka. Alirudi ndani akijionea aibu. Yeye rangi tu imemchafua roho. Huyu mama alilala na kuamka na uozo wenyewe.

"Uliwezaje, mama?"

"Padri wetu alinitaja kwenye mahubiri. Akawaambia wanawake wote waniige."

"Alisema kweli."

"Daktari alisema Nabor hafiki Pasaka. Nikamjibu, tutaona. Nikamlisha supu kwa kijiko. Akikataa kufungua mdomo, nambana pua. Nilimbembeleza kama mtoto mchanga: bado, Nabor, bado."

"Akafika Pasaka?"

"Akafika hadi Siku ya Wafu, mwezi wa Novemba." Hapo ndipo alipotabasamu kwa mara ya kwanza.

Hermilo alihisi machozi yakimlengalenga. Ukutani wale wagoni na walevi wake walikuwa wanamkenulia meno, naye akaapa moyoni kwamba kesho atawang'oa wote. Alichora kitanda, akachora shuka lililogandamana na ngozi. Kama mama huyu hakugeuza uso, yeye ni nani ageuze?

Alipofika kwa Eduviges mwenyewe, akaanza kumchora amepiga magoti, kama desturi ya mabati haya.

"Mimi niketi kitini," mama alisema. "Jirani na kichwa chake, anione vizuri."

"Haya."

Juu ya meza ya kitandani Hermilo aliweka chupa ya dawa ya maumivu ambayo mama alisema daktari aliiacha. Akaichora imebaki robo.

"Si hivyo. Ijaze."

"Ijae?"

"Hadi shingoni. Na kifuniko chake."

Hermilo aliinamisha kichwa kwa heshima. Maskini Nabor, aliwaza, aliikataa dawa, akamtolea Mungu mateso yake yote. Wagonjwa wa namna hiyo aliwahi kuwasikia, hakuwahi kumchora hata mmoja.

Chini ya picha ulibaki utepe mweupe wa maneno. Alisafisha mikono, akachukua brashi nyembamba kuliko zote. Maneno yenyewe alikwisha kuyakisia: kushukuru kwa kifo chema cha Nabor, na kwa nguvu za kuuguza. Yalikuwa maneno ya haki, na alitaka kuyaandika kwa mwandiko wake mzuri kabisa.

"Sema polepole, mama. Naandika."

Eduviges alifumba macho, akasema kama mtu aliyeyakariri kwa muda mrefu. Hermilo akaandika neno kwa neno, bila kuinua kichwa, mpaka la mwisho:

"Namshukuru Mtoto Mtakatifu wa Plateros kwa kulikubali ombi langu la siku nilipomzika binti yangu Amparo: kwamba mume wake aliyemnyonga, na hakimu akamwachia, asife upesi, wala asifie mikononi mwa mtu mwingine ila mwangu."